Meko yanayojaza moshi sebuleni: tazama kwanza unaingia wakati gani

Meko ya ukutani yasiyovuta vizuri, iwe Kabale, Kisoro au Kapchorwa, miji ya milimani yenye baridi huko Uganda, hujitangaza yenyewe: pazia linanuka moshi na ukuta ulio juu ya mdomo wa meko umepiga weusi. Fundi akiitwa, jibu lake huwa moja, dohani iongezwe urefu. Pengine ni kweli. Lakini wengi hulipia matofali ya bure kwa sababu hakuna aliyeuliza moshi unaingia lini: moto unapowashwa, muda wote, mlango ukifungwa, au upepo ukivuma.

Ukiingia dakika za kwanza tu kisha ukakoma, dohani ni baridi. Hewa baridi ni nzito, nayo imejaa humo na inashuka, kwa hiyo moshi haupati njia. Dohani zilizojengwa nje ya ukuta ndizo zinazosumbua zaidi, hasa usiku wa nyuzi 10. Sokota kurasa mbili tatu za gazeti, ziwashe, uzishike juu kabisa kwenye koo la dohani mpaka mwali uanze kuvutwa kwenda juu. Hapo ndipo uwashe vijiti vyembamba vikavu. Gogo likitangulia, utapata moshi mwingi na joto kidogo, na dohani inataka joto.

Moshi ukikoma mara tu mlango unapofunguliwa, usiguse dohani hata kidogo. Chumba kinakosa hewa. Kinachopanda juu lazima kijazwe na hewa ya kutoka nje, na siku hizi madirisha ya alumini yanabana kweli kweli, huku matundu ya hewa ya juu ya dirisha tukiyaziba kwa plastiki kwa kuogopa baridi na mbu. Fungua dirisha la upande upepo unakotoka, sentimita 3 hadi 5 zinatosha. Feni ya jikoni ya kutoa hewa nje izimwe, maana inashindana na meko na mara nyingi inashinda. Na wanaokata tamaa na meko wakaingiza sigiri ya makaa sebuleni wajue kwamba wameondoa moshi unaoonekana wakaleta sumu isiyoonekana wala kunuka. Vivyo hivyo, usifunge kilango cha chuma cha dohani wakati bado kuna makaa mekundu.

Moshi wa muda wote ndio wenye kazi, na hapa chukua futi kamba. Pima upana na urefu wa mdomo wa meko, uzidishe. Kisha pima tundu la ndani la dohani. Eneo la tundu la mraba lisipungue sehemu moja ya kumi ya eneo la mdomo. La duara, moja ya kumi na mbili. Dohani ikiwa fupi kuliko mita 4.5, hesabu moja ya nane. Tuseme mdomo ni sentimita 90 kwa 70: hizo ni 6,300 za mraba, zinazotaka tundu la 630, yaani 25 kwa 25 hivi. Fundi aliyejenga 20 kwa 20 ametoa 400 tu. Meko hayo hayatavuta hata ukiyaombea. Tena vipimo hivi ni vya nchi tambarare. Kabale iko juu ya mita 1,800, hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano, na mvuto wa dohani hupungua kwa kiasi hicho. Ukijenga upya, acha tundu lizidi kipimo kidogo.

Kubomoa dohani ni gharama. Kupunguza mdomo ni rahisi. Moto ukiwa umekolea, chukua kipande cha bati kirefu kuliko upana wa mdomo, vaa glavu, ukiegemeze kwenye ukingo wa juu, kisha ukishushe polepole, sentimita mbili mbili. Kuna mahali moshi utaacha kutoka. Weka alama ya chaki. Bamba la chuma la kimo hicho, likifungwa hapo kwa skrubu, limemaliza kazi. Yakihitajika zaidi ya sentimita 20, punguza na pande pia kwa matofali ya kuhimili moto, au inua sakafu ya meko kwa safu moja.

Kabla ya hayo yote, hakikisha kosa si la kuni. Mkaratusi uliokatwa mwezi uliopita unachemka badala ya kuwaka: unasikia ukizomea na povu linatoka kwenye ncha. Pasua, panga chini ya bati pande zikiwa wazi, subiri miezi 6 hadi 12. Gonganisha vipande viwili: vikavu hulia kwa ukali, vibichi hutoa mlio mzito wa kufa. Kuni mbichi pia huacha masizi yenye lami ndani ya dohani. Yakifika unene wa milimita 3, piga brashi, kwa sababu yanabana njia na yanaweza kushika moto yenyewe. Mulika kwa tochi na kioo. Pengine utakuta nyuki au kiota.

Moshi wa upepo unatibiwa juu ya paa, na hapa yule fundi wa urefu anapata haki yake. Dohani ipande angalau sentimita 90 kutoka inapotokea kwenye paa, na ipite kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3, ukiwemo mgongo wa paa. Kofia ya mvua isikae chini mno: nafasi kati yake na tundu isipungue upana wa tundu lenyewe. Ikiwa na wavu, angalia matundu yake kwanza, maana wavu ulioziba kwa masizi huleta moshi hata siku isiyo na upepo.