Mkeo hakatai kliniki, anangoja ruhusa

Umeuliza ufanyeje mkeo aende kliniki: mimba ina miezi minne, na mamako asema yeye alizaa saba nyumbani na hakudhurika. Ndugu yangu, hapo wa kubembelezwa si mkeo.

Mimi ni mtu wa Siyu, kisiwani Pate. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa nyumbani, salama, ila kondo la nyuma likagoma kutoka. Damu ikawa haikatiki. Nikatimka kutafuta boti ya kwenda hospitali Amu, yaani mji wa Lamu, nafika bandarini maji yamekupwa, ni matope na mikoko tu, boti imelala ubavu. Tukangoja maji yajae huku mke wangu yuko mkekani, leso ya tatu imeshalowa. Alipona, Alhamdulillahi, lakini tangu siku ile mtu akiniambia "tutajua siku ikifika", humuuliza maji yatajaa saa ngapi.

Hospitalini ndiko nilikoelezwa kwamba mtoto akishatoka, mama huchomwa sindano ya pajani ya kuzuia damu. Bibi mkunga hana sindano hiyo, na si kosa lake.

Mimba ya pili sikubishana na mama. Nilimwendea bibi yule yule, kwa adabu, na jozi ya leso na sukari kilo mbili, nikamwomba ampeleke mke wangu kliniki yeye mwenyewe. Alipokubali, mama akanyamaza. Siku ya kwanza muuguzi mmoja alimfokea mke wangu kwa kuchelewa kuja. Lau si bibi kumjibu, asingerudi tena. Wengi huishia hapo, halafu twasema ni ujinga wao! Ulizeni pia kama zamu ya kuzalisha ina wanawake. Kwetu hilo lina uzito, usilidharau.

Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu 2016 lapendekeza mahudhurio 8 ya kliniki, la kwanza kabla ya wiki ya 12. Nyinyi mmeshapitwa, basi nendeni wiki hii. Na mjisajili mapema SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali; ile ya zamani, NHIF, haipo tena.

Mwezi wa tisa wa mimba ulipoingia tulihamia Langoni, mtaa wa Amu, kwa shangazi yangu, maana upepo wa kusi ulikuwa umechachamaa. Uchungu ulimshika usiku, tukaenda hospitali kwa miguu, yeye na bibi mbele, mimi nyuma na beseni.

Kama hamna jamaa Amu, weka namba za manahodha wawili. Mimi usiku ule wa kwanza nilikuwa na ya mmoja tu, na simu alikuwa ameizima.