Alama za SAT zimetumwa, chuo kinasema hakijazipata

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha sita ameandika wiki hii amechanganyikiwa. Kalipia kutuma alama zake za SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani; College Board, wanaouendesha mtihani huo, wanaonyesha zimeshatoka, lakini akifungua akaunti yake ya mwombaji chuo bado kinasema hazijapokelewa. Aliambatanisha picha za skrini, na jibu lilikuwa humohumo: kwenye College Board ana majina mawili, fomu ya maombi ina matatu, na tarehe ya kuzaliwa imegeuka.

Wengi mnadhani kazi ni kutuma. Kutuma ni kubonyeza na kulipa. Kazi ni alama zikifika zikute faili lako. Chuo hupokea alama kwa mtandao, na kompyuta ndiyo inayooanisha jina, tarehe ya kuzaliwa, barua pepe na mengineyo. Zisipooana, alama hukaa pembeni mpaka mfanyakazi wa udahili azipitie kwa macho, na mwezi wa Novemba au Januari mfanyakazi huyo ana msururu mrefu.

Basi anza na jina. Tuseme unaitwa Neema Joseph Mushi. Kwenye SAT umejiandikisha Neema Joseph, kwa sababu ndivyo shuleni wanavyokuita; kwenye Common App, fomu ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi kwa pamoja, umeandika Neema Mushi. Huku kwetu kila mtu anajua ni wewe. Kule ni watu wawili. Chukua pasipoti, andika kama ilivyo, jina la mwisho liwe lilelile kila mahali. Akina Mohamed ndio wawe waangalifu zaidi: Mohamed, Mohammed na Muhammad ni majina matatu kwa kompyuta. Tarehe nayo, Wamarekani hutanguliza mwezi. Aliyezaliwa tarehe 4 Julai akijaza 04/07 amejifanya wa tarehe 7 Aprili. Kosa hili halionekani kirahisi, kwa kuwa tarehe yenyewe ni halali na fomu haikatai.

Halafu kuna akaunti mbili. Mtu kasahau neno la siri, badala ya kulirejesha anafungua akaunti mpya kwa barua pepe nyingine. Mtihani wa kwanza uko huku, wa pili kule, na akienda kutuma anaona nusu tu. Ukijikuta hapo usilipe chochote kwanza. Waandikie College Board waziunganishe, ukiwapa namba za usajili za mitihani yote miwili.

Chuo nacho kina namba yake ya tarakimu nne: Harvard ni 3434, MIT ni 3514. Ukitafuta kwa jina, soma mji na jimbo kabla ya kubonyeza. Miami University iko Ohio. University of Miami iko Florida. University of Washington iko Seattle, na Washington University iko St. Louis. University of Michigan ina kampasi za Ann Arbor, Dearborn na Flint, kila moja na udahili wake. Alama zikishatumwa hazirudishwi, na pesa imekwenda.

Tukija kwenye pesa, swali la kwanza ni kama unapaswa kulipa kabisa. Vyuo vingi leo vinakuruhusu ujaze alama mwenyewe kwenye fomu ya maombi, na nakala rasmi, ile inayotumwa na College Board wenyewe, wanaitaka ukishakubaliwa na kuamua kwenda. MIT wanafanya hivyo. Vyuo vya University of California haviangalii SAT katika udahili hata kidogo, kwa hiyo kuwatumia ni kutupa dola. Georgetown kwa upande wao wanataka alama za mitihani yote uliyofanya. Soma ukurasa wa udahili wa kila chuo, usisikilize kundi la WhatsApp.

College Board hukupa nafasi nne za kutuma bure, kuanzia unapojiandikisha hadi siku tisa baada ya mtihani. Matokeo hutoka karibu wiki mbili baadaye, maana yake unatuma bila kujua umepata nini. Usizigawe ovyo kwa vyuo vinne vyenye majina makubwa. Zipeleke kwenye vyuo vinavyodai nakala rasmi mapema au vinavyotaka kila kitu, kwa kuwa huko hakuna cha kuficha. Kwingine subiri matokeo, kisha tumia Score Choice uchague tarehe ipi itumwe. Unachagua siku nzima ya mtihani. Huwezi kuchukua hesabu za Agosti ukaziunga na kusoma kwa Oktoba. Kazi hiyo chuo hufanya chenyewe, kama kina utaratibu wa kuchukua alama bora ya kila sehemu, mradi umewatumia siku zote mbili.

Malipo hufanyika kwa kadi. Kabla ya usiku wa mwisho hakikisha benki imefungua kadi yako kwa manunuzi ya nje ya nchi mtandaoni, na uache salio la ziada kidogo, maana makato ya kubadili fedha huongezeka juu ya bei. Kenya, M-PESA GlobalPay hukupa kadi ya Visa ya mtandaoni bila kwenda benki.

Ukishatuma, wape wiki mbili. Hali isipobadilika, andikia ofisi ya udahili barua pepe moja fupi kutoka anwani ileile uliyojazia maombi: jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, jina lililo kwenye SAT kama linatofautiana, tarehe ya kuzaliwa ukiandika mwezi kwa maneno, namba ya maombi, namba ya usajili wa SAT, tarehe ya mtihani na siku uliyoagiza. Ambatanisha uthibitisho wa malipo. Usitume tena alama zilezile kwa kudhani za kwanza zimepotea. Jina likiwa bado halioani, za pili zitakwama palepale, na umelipa mara mbili. Wala PDF uliyopakua kwenye akaunti yako haihesabiwi kuwa nakala rasmi, ingawa ofisi ikiiomba ili ikusaidie kuzitafuta, wape siku hiyohiyo.