Usiniambie jina tu, niambie umetoka wapi

Maswali ya mimea mliyoniletea safari hii hapa kwenye bustani ya chuo yametoka Moshi, Himo, Usa River, Tengeru na Arusha mjini. Nimeyafupisha, na yaliyofanana nimeyajibu kwa pamoja.

Shikamoo mwalimu. Nimekutumia picha, naomba jina la mmea na unatibu nini. (Wasomaji wengi)

Marahaba. Picha zenu ninazo, na nyingi ni za jani moja lililochumwa na kulazwa kiganjani. Kwa jani moja sitambui kitu. Nionyesheni tawi, majani yanavyokaa: yanatazamana mawili mawili au yanapishana? Nionyesheni ua au tunda. Vunjeni kijiti muone kama kinatoa utomvu na ni wa rangi gani. Halafu niambieni mmesimama wapi, Kahe kwenye joto au Kibosho juu ambako asubuhi mnavaa sweta. Hilo la mwisho nimeliandika mara nyingi na bado mnaliacha, wakati ndilo linaloniondolea nusu ya kazi. La tiba sijibu. Sitampangia mtu dawa kwa kutazama picha.

Mtoto wangu ametafuna majani ya ua la uzio, membamba marefu, maua ya pinki. Nifanye nini? (Mama, Moshi)

Mama huyu nilimpigia simu siku ile ile, hapa nawaandikia wengine. Mpeleke hospitali mara moja, ukiwa na tawi la mmea mkononi. Maelezo yake yanafanana na olianda, Nerium oleander, ambayo kila sehemu yake ina sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Shule zilizoipanda uzio kwa sababu mbuzi hawaili, tafadhali ing'oeni, na msiichome moto, moshi wake nao una madhara.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Bustani ya chuo ina miti hai. Kwa nini tunahangaika kukausha majani kwenye magazeti na kuyafungia kabatini? (Arusha)

Swali zuri, kijana wangu, na nitalijibu kwa urefu.

Chukua karatasi moja ya hebaria, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, uilaze mezani. Ina urefu wa sentimita 42 hivi na upana wa 29. Juu yake kuna tawi lililobanwa, na jani moja limegeuzwa makusudi ili uone mgongo wake. Kando kuna kibahasha cha karatasi chenye mbegu zilizodondoka wakati wa kukausha. Chini kulia kuna lebo: nani alichuma, tarehe gani, msitu gani, mwinuko gani, mti ulikuwa na urefu gani, ua lilikuwa na rangi gani likiwa bichi. Rangi ile imeshageuka kahawia. Haipo tena mahali popote isipokuwa kwenye lebo.

Sasa toka nje uutazame mti wenyewe bustanini. Utakupa kivuli, utakuonyesha gome na jinsi unavyochanua. Hauwezi kukuambia mbegu yake ilitoka Rau, Usambara au ng'ambo. Ukiutaka kwa ajili ya kurudisha msitu ulioharibiwa, hilo ndilo la kwanza kujua. Ndiyo maana kila mmea unaoingia bustanini hupewa namba ya usajili, na namba hiyo huandikwa kwenye kibao, kwenye daftari na kwenye karatasi ya hebaria. Mti usio na namba ni pambo. Mapambo ni mazuri, lakini chuo hakihitaji mtaalamu wa mimea kwa ajili ya mapambo.

Nilishuhudia mahali fulani mkandarasi wa hosteli akiangusha miti 14 kwa siku mbili. Miti mitano ilikuwa na vielelezo kabatini, na mpaka leo tunajua ni spishi gani na tungetafuta wapi mbegu nyingine. Ile tisa iliyobaki tunaikumbuka kwa maneno kama "ule mkubwa wa karibu na bwalo". Inaniuma kila nikipita pale.

Kazi ya kuandika mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania ilianza kuchapishwa mwaka 1952 ikakamilika 2012, ikiwa na spishi zaidi ya 12,000. Ilifanyika kwa karatasi kama hizo mnazoziona za kuchosha. Hebaria ya Taifa ipo hapo hapo Arusha, Ngaramtoni. Ombeni nafasi ya kuitembelea. Na magazeti yabadilisheni kila siku mpaka tawi likauke kabisa, maana kielelezo chenye ukungu hakifai kitu.

Mjakaranda ni mti wetu wa asili? (Usa River)

Hapana. Kwao ni Amerika ya Kusini.

Mnao mti wa loliondo, ule wa kikombe cha Babu? Nahitaji mizizi. (Himo)

Umechanganya vitu vitatu. Loliondo ni mahali, wilayani Ngorongoro. Loliondo pia ni jina la mti mkubwa wa mbao ngumu, wa jenasi ya Olea, jamii ya mizeituni. Mmea wa ile dawa ya kunywa, kikombe cha Babu wa kijiji cha Samunge mwaka 2011, ni mwingine kabisa: mugariga, Carissa, kichaka chenye miiba na matunda madogo meusi yanayolika. Ukienda msituni na jina la "loliondo" tu, utarudi na mizizi ya mti usiouhitaji, na mti utakuwa umekufa bure.

Mizizi hatutoi. Anayechimba mizizi yote anaua kichaka, na mwaka ule vichaka viliteketea. Walikuwepo pia walioacha dawa zao za hospitali kwa sababu ya kikombe. Usiache zako.

Wanaoulizia gome la mkondekonde, Prunus africana, jibu ni hilo hilo. Gome likimenywa kuzunguka shina lote, mti haushushi tena chakula kwenye mizizi wala hauponi. Biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe pori walio hatarini, tangu 1995, na waliofikisha mti huo hapo ni wamenyaji.

Nilishuka Kilimanjaro na kimche cha senesio, nikakipanda nyumbani Moshi. Kimekufa. Nilikosea wapi? (Mpagazi)

Ulikosea kukichukua, kaka. Kutoa mmea ndani ya hifadhi ya taifa bila kibali ni kosa la jinai, na wewe kazi yako yote iko mlimani.

Senesio kubwa za Kilimanjaro, Dendrosenecio kilimanjari, zimezoea kule juu ambako kila usiku ni baridi kali na kila mchana ni jua. Majani yake makavu hayaanguki, yanabaki yamelivika shina kama blanketi ili maji yaliyomo ndani yasigande. Jirani yake Lobelia deckenii hukunja majani usiku na kukifunika kichipukizi, na maji yaliyotuama katikati huganda juu tu, chini yake kichipukizi kinabaki salama. Moshi ipo chini ya mita 1,000. Hakuna udongo wala mbolea itakayokupa usiku wa Shira. Bustani ya chuo pia haiwezi, kwa hiyo tunabaki na karatasi kabatini na mimea tunaiacha mlimani.

Kwa nini nakala za mimea yetu zinapelekwa Ulaya? Huu si wizi? (Tengeru)

Nina jibu lenye pande mbili.

Mjerumani Georg Volkens alichuma mimea mingi Kilimanjaro kati ya 1892 na 1894, akiwa na kituo Marangu, na vielelezo vya enzi hizo vilirundikwa Berlin. Machi 1943 hebaria ya Berlin ilipigwa mabomu ikaungua. Vielelezo vingi vya asili vilivyobeba majina ya mimea yetu viliteketea usiku mmoja. Pale ambapo nakala ilikuwa imepelekwa mji mwingine, jina lilibaki na ushahidi wake. Pale ambapo haikuwepo, wataalamu bado wanabishana. Kwa hiyo karatasi kavu itoke, na nakala ibaki Arusha, siku zote.

Mbegu na vipandikizi ni habari nyingine. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka Ujerumani ua dogo la zambarau kutoka Usambara. Leo Saintpaulia inauzwa kwenye vyungu dunia nzima, na ndugu zake wa porini wanahangaika kwenye vipande vya msitu vilivyobaki. Mgeni akikuomba mbegu bila mkataba wa maandishi, mkatalie, hata kama amekununulia chakula cha mchana.

Naomba mbegu za ule mmea wenye maua mazuri langoni kwenu. (Arusha)

Sitoi mpaka nijue hautatoroka. Bustani ya Amani, Usambara Mashariki, ilianzishwa 1902, na humo iliingizwa Clidemia hirta, kichaka cha Amerika, ambacho sasa kimeenea msituni. Mhesi nao, Maesopsis eminii, ulitolewa kanda ya Ziwa kuja kupandwa huko, ukasambaa kila penye uwazi. Sisi watunza bustani ndio tuliofungua mlango, na ninalisema hilo kwa uchungu. Na nyie wa Arusha mnaofungia mashada kwa gugu karoti kwa sababu ya vimaua vyake vyeupe, acheni leo. Linawasha ngozi, linaharibu malisho, na kila shada linamwaga mbegu njiani.

Shule yetu inataka kuweka vibao kwenye miti. Tupigilie misumari? (Mwalimu, Moshi)

Hapana, mwalimu mwenzangu, wala msifunge waya kwa kukaza. Upo mti ambao waya wake ulifungwa shina likiwa la unene wa mkono. Leo gome limeumeza, limevimba juu yake kama mdomo uliofumba, na kibao kimeingia nusu. Tumieni waya wenye springi unaojinyoosha mti unaponenepa, au kijiti ardhini. Kibao kiwe cha plastiki ngumu, cha bati kitaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Na isale, mmea wa heshima wa Wachaga, muiwekee kibao pia. Msiseme kila Mchaga anaijua. Nina wanafunzi wa Kichaga waliokulia mjini wanaoiita "lile ua la mpakani".

Babu yangu Marangu ana migomba ya aina ambazo sizioni tena sokoni. Chuo kitaihitaji? (Moshi)

Sana, na wewe ndiye niliyekuwa nakusubiri. Vihamba vya Kilimanjaro, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, vimehesabiwa kuwa na spishi zaidi ya 500 za mimea, na mgomba wa kula hauna mbegu ya kuweka kwenye friza. Unatunzwa ukiwa hai, shambani au kwenye chupa za maabara, kama wanavyofanya Leuven, Ubelgiji, kwenye aina zaidi ya 1,500. Mgomba ukitoka kwa babu yako, huenda umetoka kabisa.

Nenda Jumamosi hii na daftari. Zungukeni kihamba pamoja, mgomba kwa mgomba. Muulize jina kwa Kichaga, siyo "mshare" tu bali mshare upi, alipewa na nani, unapikwaje na kwa shughuli gani. Piga picha ya mkungu, ya ua na ya shina. Mpe shikamoo yangu. Chipukizi usikate mpaka tuje wenyewe, kwa sababu fukusi wa migomba husafiri humo, na lazima tulimenye na kulichovya kwenye maji ya moto kabla halijaingia bustanini.