Leo mwezi ngapi?

Mmeuliza wiki hii: safari gani ilikufunza jambo ambalo darasani hukulipata? Mimi darasani nipo kila siku, tena mbele, na chaki mkononi. Nafundisha jiografia Manyoni, na kwa miaka tisa nimechora ubaoni jua, mwezi na dunia vikiwa kwenye mstari mmoja, bahari ikavutwa. Wanafunzi wanafaulu. Likizo ya mwaka jana nikaenda Bagamoyo kuiona hiyo bahari yenyewe.

Asubuhi moja, saa nne, nikashika njia ya ufukweni kwenda magofu ya Kaole, kama kilomita tano kusini mwa mji. Maji yalikuwa yamekupwa mbali, mashua zimelala ubavu mchangani. Kwenye mikoko nikavuka kijito, maji hayakuzidi kifundo cha mguu. Kaole nilikaa mno. Kuna misikiti miwili ya mawe, makaburi yenye nguzo, na mikoko imeota pale ambapo zamani vyombo vilitia nanga. Saa tisa narudi, kijito kimekuwa mto. Nikaingia na viatu vyangu (haraka haina baraka, najua). Hatua ya tatu maji yakanifika kiunoni, na tope likakichukua kiatu cha kushoto, moja kwa moja.

"We baba, rudi! Unakwenda wapi?"

Alikuwa bibi mmoja, ndoo ya chaza pembeni yake. Nikamwamkia shikamoo humo humo majini.

"Marahaba. Leo mwezi ngapi?"

Nikamtajia tarehe. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Hiyo ya mshahara! Mimi nakuuliza mwezi."

Sikujua. Usiku wa jana yake nilikuwa nimeupiga picha kwa simu, umejaa kama sinia, nisijue kwamba unanihusu.

"Mwezi kumi na tano," akasema. "Bamvua hii. Yakikupwa sana, yatajaa sana. Ungekuja mwezi saba, maji mafu, pengine ungepita. Na kesho usitoke saa nne, ngoja ikaribie saa tano."

Hapo ndipo nilipotulia. Kwamba kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50 nimewaandikia watoto mara ngapi, na wameninukulia kwenye mitihani! Yeye hakuwahi kuziita dakika 50. Alijua tu saa ya kubeba ndoo.

Akanionyesha njia ya juu kupitia minazi. Bodaboda aliyenirudisha mjini aliutazama mguu wangu mtupu, akanyamaza, akaongeza nauli.

Shule ilipofunguliwa nikawapa Kidato cha Pili kazi ya mwezi mzima: kila jioni watoke nje, wauchore mwezi, waandike ni wa ngapi. Wengi walihangaika. Binti mmoja alileta daftari siku ya pili tu, siku zote zimejazwa. Nikamuuliza amenakili wapi. Akasema kwa babu yake, ambaye huuhesabu mwaka mzima akingoja Ramadhani, na nyumba yao iko nyuma ya shule.