VETA (chuo cha ufundi stadi) umemaliza, uingie karakana ndogo au usubiri kiwanda?

Mkuu, umeuliza kama kijana mwenye cheti cha useremala aingie karakana ndogo ya mtaani au asubiri ajira kiwandani. Mimi nipo Keko, hapa Dar, miaka mingi, na nakushauri uingie. Ila ujue mapema kwamba huku fundi anaishi kwa kuijua mbao.

Karakana zetu nyingi hazina mashine kubwa. Unanunua mbao, unampelekea jirani mwenye mashine ya kuranda, unamlipa, unarudi nazo kwenye meza yako. Kwa hiyo mbao iliyonyooka anayo kila mtu. Fundi mzuri anaonekana kuanzia pale mbao zinapochaguliwa.

Mninga unaotoka Tabora na Katavi umetulia, ukikauka hauchezi sana, ndiyo maana wenye nyumba wanaulilia kwa milango. Mkongo ni mgumu, unakula makali ya patasi na vumbi lake linawasha pua. Usione aibu kuvaa barakoa. Paini ya Mafinga bei yake inabebeka, lakini mara nyingi inafika Dar ikiwa bado mbichi. Ishike: ikiwa nzito na ya baridi, ina maji. Ukiiunga hivyo hivyo, itanywea, yaani itasinyaa, ikiwa tayari nyumbani kwa mteja, na viungo vitaachia. Mbao hunywea kwa upana. Urefu karibu haubadiliki. Ukilishika hilo utaelewa kwa nini ubao wa katikati ya mlango hatuupaki gundi. Unakaa kwenye mfereji wake, una nafasi ya kutanuka masika na kurudi kiangazi. Gundi ni ya ulimi na tundu za fremu, yaani ncha ya ubao mmoja na shimo linaloipokea. Halafu ondoa ule weupe wa pembeni mwa mbao, bungua (mdudu anayetoboa mbao) hupenda kuanzia humo.

Mzee aliyenifundisha alikataza kabisa msumari kwenye kiungo cha kiti. Kiti kikiisha alikiinamisha, akakikalia kwa miguu miwili ya nyuma mbele ya mteja. Nilimheshimu sana kwa hilo, na mpaka leo kiti kisichostahimili hivyo hakitoki kwangu.

Hela huku ni ya kazi, hakuna mshahara wa mwezi. Januari watu wanalipa ada, makochi yanasubiri. Karibu na Idi na Krismasi mnakesha. Kianzio cha mteja kinunulie mbao siku hiyo hiyo, kabla nyumbani hawajakipangia matumizi. Na ukipiga bei, hesabu kinachopotea: mbao ya inchi 2 ikitoka kwenye mashine si inchi 2 tena, kuna vichwa vilivyopasuka, kuna mafundo. Mafundi wengi faida inawapotelea hapo, kisha wanamlaumu mteja kwamba ni mbahili.

Makabati ya MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi) yanayokuja kwenye makontena usishindane nayo kwa bei, hutaweza. Yakinywa maji chini yanavimba, na mwenye nayo atakuja kutafuta mbao.

Ukitafuta pa kuanzia, pita Keko na barabara ya Chang'ombe uangalie karakana yenye mbao zilizopangwa kivulini, zimetenganishwa kwa fito hewa ipite. Muulize fundi mkuu lini utaruhusiwa kutoboa tundu mwenyewe. Akikwambia kazi yako ni msasa tu, mshukuru, nenda karakana inayofuata.