Muulize Fundi: Mshale wa RPM Umegoma

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Suzuki GN125 ya zamani nimeinunua kwa mzee mmoja hapa Morogoro, inatembea fresh tu haina shida ila mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) hautulii. Asubuhi nikiwasha, hata sijavuta resi, unaruka mpaka elfu nne unarudi elfu moja, ikishapata moto kidogo unatulia. Juzi juzi pakaanza na kamlio kembamba pale kwenye dashibodi. Fundi wa mtaani kasema mita imekufa ninunue nyingine, na used yenyewe bei yake imenitoa jasho. Ni kweli imekufa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Hiyo hela iweke mfukoni kwanza, mita yako nadhani ni nzima.

Takometa, yaani hiyo mita ya RPM, kwenye GN haitumii umeme, ukiacha globu ya kumulika usiku. Kwenye silinda hedi kuna kigia kidogo kinachozungushwa na kemshafti (ile shafti inayofungua valvu), kigia kinazungusha waya ulio ndani ya kebo, waya unapanda mpaka kwenye mita na kule juu unazungusha sumaku. Sasa utamu uko hapa, hiyo sumaku wala haigusani na mshale, inazunguka karibu na kikombe chembamba cha alumini na kikombe kinataka kuifuata, kuna springi nyembamba sana inakirudisha nyuma, pale nguvu mbili zinapolingana ndo mshale unasimama na wewe unasoma namba. Kwa hiyo ndani ya mita kinachosuguana ni ile shafti ya sumaku na vishikizo vya mshale basi, ndo maana mita inaweza kukaa miaka thelathini wakati kebo zimeshabadilishwa mara kibao.

Mshale unaoruka kukiwa na baridi na kutulia kukiwa na joto, hiyo ni kebo imekauka au imekunjwa vibaya. Waya wa ndani unang'ang'ania kwenye ganda lake, huku chini injini inaendelea kuuzungusha, unajisokota weeee halafu unaachia kwa mpigo, na kila ukiachia mshale unaruka. Anza kwa kuangalia kebo imepita wapi. Nimeona nyingi sana zimefungwa na tai za plastiki kwenye usukani, ukikata kona kebo inavunjika shingo, au fundi kabadilisha taa akaipitisha njia anayoijua mwenyewe. Inatakiwa ipinde taratibu, pasiwe na kona kali.

Ukimaliza hapo fungua nati ya juu kwenye mita, chomoa kebo, washa pikipiki na uangalie ile ncha ya waya. Kama inazunguka kwa kusitasita, umeshampata mwizi. Zima, vuta waya wa ndani wote utoke, ufute kwa kitambaa chenye petroli kidogo, kisha upitishe taratibu kwenye vidole, ukisikia nyuzi zimechomoka au mahali pamejikunja usihangaike kuusafisha, nunua kebo mpya. Angalia na ncha zake, zikishalika pembe zikawa duara zinateleza ndani ya tundu. Kama waya ni mzima paka grisi laini, kidogo tu, na zile sentimita kumi na tano za juu upande wa mita ziache kavu kabisa. Hapo ndo watu wanapokosea, wanajaza grisi kama wanapaka mkate, inapanda juu inaingia kwenye mita na sasa kweli mita inakufa.

Kamlio kakiendelea hata baada ya kebo kupona, basi ni ile shafti ya sumaku imekauka. Geuza mita, dondoshea tone moja la oili ya cherehani pale kebo inapoingia, iache imelala hivyo hivyo usiku mzima. Usipulizie zile dawa za kopo za kulegeza kutu, zinasambaa mpaka kwenye kikombe.

SWALI: Hujambo fundi, niko Mombasa na Yamaha DT125 ya baba yangu, ya miaka ya sabini. Mshale wa rev umekwama juu ya 8,000 hata injini ikiwa imezimwa, na ndani ya kioo naona unyevu wa rangi ya kahawia. Nikiichomoa kebo ikae hivyo hivyo kuna ubaya? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Sijambo. Hiyo kahawia ni oili ya gia ndugu yangu. Kwenye DT kebo inaingia kwenye kava la klachi upande wa kulia, na pale kuna sili ya raba inayozuia oili isipande. Sili ya umri huo imeshakuwa ngumu, oili inapita, na ule waya wa ndani umesokotwa mzunguko mzunguko kwa hiyo kila ukizunguka unaipandisha oili juu kidogo kidogo, huoni inavuja chini maana yote inahamia kwenye mita. Ikifika huko inagandisha kikombe na sumaku, sumaku ikizunguka inakibeba kikombe mzimamzima, mshale unapaa na springi inashindwa kuurudisha.

Kwa hiyo usianze na mita. Badilisha sili na oringi ya pale chini, ni vitu vya bei ndogo, na kebo nayo weka mpya maana kwa chumvi ya huko kwenu sidhani kama waya wa ndani haujaliwa na kutu. Mita mpelekee mtu wa kutengeneza saa au redio, mwenye mkono mwepesi, aifungue, aioshe kwa spiriti na asiiguse ile springi. Kukitoa kioo ni kazi kwa sababu ukingo wa chuma umekunjwa kuzunguka, unainuliwa polepole, ukilazimisha unakatika.

Kutembea bila kebo hakuna ubaya kwa injini, wazee waliendesha kwa sikio na mambo yakaenda, ila tundu la pale chini lizibe vizuri. Ukiliacha wazi oili inatoka na vumbi linaingia, na vumbi ndani ya klachi na gia hilo sasa ndo tatizo.

SWALI: Fundi mambo. Nimechoka na kebo nikafunga takometa ya kichina ya umeme kwenye pikipiki yangu ya silinda moja four stroke. Inawaka vizuri lakini pikipiki ikinguruma tu bila resi mita inasoma kama 2,800, sauti ya injini wala si ya resi hiyo. Na rafiki yangu kafunga kama hiyo kwenye DT ya zamani haiwaki kabisa. (Msomaji, Arusha)

JIBU: Poa. Yako inasoma mara mbili, gawa kwa mbili unapata 1,400 ambayo ndo ya kawaida. Pikipiki nyingi za silinda moja zinapiga cheche kila mzunguko, hata pale moshi unapotoka ambapo cheche haina kazi, na mita yako imesetiwa ikidhani cheche inapigwa mara moja kwa mizunguko miwili. Ingia kwenye seti zake, utakuta 1P2R (cheche moja kwa mizunguko miwili), ibadilishe iwe 1P1R (cheche moja kwa mzunguko mmoja). Kama ni ile isiyo na seti, irudishe dukani. Mshale ukianza kurukaruka ukivuta resi, angalia plagi kama ina herufi R kwenye namba yake, kama haina weka yenye R, kelele za umeme za plagi zinaichanganya mita. Na waya wa erthi ufunge kwenye chuma kisicho na rangi.

Ya rafiki yako mwambie apime betri. Hizo DT za miaka ya sabini ni volti 6 na hiyo mita inataka 12, aivue tu arudishe kebo.