Kaya yenu ikichaguliwa kwenye utafiti wa maoni, aliyeangukiwa na kura ndo ajibu

Habari zenu wapendwa. Wiki iliyopita jirani yangu kaja mbio khanga hata haijakaa vizuri, ananiambia kuna vijana wawili wamekuja na mwenyekiti wa mtaa, wanasema kaya yake imechaguliwa kwenye utafiti wa maoni ya wananchi. Alafu ananiuliza, "Kwani mi nimefanya nini?" Nikamwambia hujafanya kitu, kaa chini kwanza. Na nikaona niandike kabisa maana najua sio yeye peke yake anayeogopa.

Mi imenikuta mara mbili hapa hapa Morogoro. Mara ya kwanza bado tumepanga Kihonda, chumba na sebule, uani tunatumia wote. Akaja binti mmoja mpole sana, kitambulisho shingoni, akajieleza akaniomba ridhaa nikakubali, tukakaa kwenye mkeka pale pale uani. Mama mwenye nyumba alikuwa pembeni anachambua mchele kwenye ungo, na wapangaji wenzangu wawili wanafua. Maswali ya mwanzo mepesi tu, nchi inaelekea wapi, hali ya uchumi unaionaje. Tukafika kwenye lile la kwamba kwa mwaka mzima uliopita, wewe au mtu wa familia yako mmekosa chakula cha kutosha mara ngapi: haijatokea kabisa, mara moja au mbili, mara kadhaa, mara nyingi, au wakati wote.

Nikasikia ungo umenyamaza.

Nikasema haijatokea kabisa. Na mwezi ule ule kuna siku watoto wamelala na uji wa chumvi. Akaja kwenye maji nikasema mara moja au mbili, wakati ndoo zangu tano zimepangwa mstari mlangoni zinasubiri maji ya usiku. Yule binti akaziangalia zile ndoo, akaniangalia na mimi, akabonyeza nilichosema, maana mdadisi haruhusiwi kukusahihisha wala kukujazia. Nililala vibaya siku ile jamani, na mpaka leo nikikumbuka naumia.

Naumia kwa sababu baadaye nilikuja kuelewa hizi tafiti zinavofanyika. Chukulia Afrobarometer, ambayo inafanya kazi nchi nyingi za Afrika tangu 1999, na huku Tanzania imefanywa muda mrefu na taasisi ya utafiti inaitwa REPOA. Wanahoji watu kama 2,400 hivi kwa nchi nzima. Sensa ya 2022 ilitukuta watu zaidi ya milioni 61, toa watoto, ukigawanya utaona mtu mmoja anayehojiwa anasimama badala ya watu wazima zaidi ya elfu kumi. Yaani ile njaa yangu niliyoificha kwa kumuonea aibu mama mwenye nyumba haikuwa ya kwangu peke yangu, kuna wamama wengi hakuna mdadisi atakayewafikia na mimi ndo nilikuwa mdomo wao.

Na hawakuchagui kwa sababu wanakujua. Kwanza maeneo yenyewe yanachaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye maeneo yale yale ya kuhesabia watu ya sensa. Wakifika mtaani wanapewa pa kuanzia, mmoja anatembea kuelekea jua, mwingine anatembea jua likiwa mgongoni, anahesabu mpaka kaya ya tano anaingia, akimaliza anahesabu kumi nyingine. Ndani ya kaya napo hamjiamulii, zamu hii mwanamke zamu ijayo mwanaume, wanaorodheshwa wenye miaka 18 na kuendelea wanaokula chungu kimoja, alafu inapigwa kura ya bahati nasibu. Sasa hapo kwenye kura ndo penye vurugu nyumba nyingi.

Mara ya pili mwaka juzi, tushahamia kwetu, zamu ilikuwa ya mwanamke. Kura ikamwangukia wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ana miaka 19, anasuka nywele. Baba watoto akasema hapana huyu mtoto hajui chochote kuhusu serikali, nihojiwe mimi mkuu wa kaya au basi ahojiwe mama. Mdadisi akamwambia kwa adabu, "Shikamoo baba, naomba niongee na aliyechaguliwa, nikibadilisha utafiti unaharibika." Na ni kweli, maana wakihojiwa wakuu wa kaya peke yao basi mtapata maoni ya wanaume wa umri fulani tu mkaita maoni ya Watanzania. Nikamuomba mume wangu twende tukakae barazani. Akakubali ingawa alinuna kidogo. Tulikaa kule kama saa nzima, na kupitia dirishani nikasikia wifi anajibu kuhusu ajira na kuhusu rushwa zahanati, vitu ambavyo miaka miwili naishi naye sijawahi kumsikia akivisema. Nikajua huyu binti hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kwahiyo ushauri wangu mkubwa ndo huo, aliyechaguliwa apewe nafasi na apewe faragha. Waambie kabisa wageni tunaomba mtupishe, watoto watoke, redio izimwe, na kama nyumba ni ya kupanga ingieni ndani hata kama kuna joto. Usione aibu kumwambia mdadisi hapa siko huru, atahama na wewe. Mume usisimame mlangoni, mama mkwe usijibu kwa niaba.

Kujibu nako, jibu maisha yako. Usimpimie mdadisi anataka nini wala ni wa chama gani. Kwenye dodoso la Afrobarometer kuna swali mwishoni kabisa wanakuuliza unadhani nani ametutuma, na watu wengi husema serikali hata kama mwanzoni walielezwa siyo. Ukishaamini hivo lazima ulimi uwe mzito, ndo maana sikiliza vizuri pale mwanzo anapojitambulisha, na kama hujaelewa muulize tena. Sijui ni jibu. Sitaki kujibu hili ni jibu pia, na ukichoka katikati una haki ya kusimamisha.

Usalama sasa. Mtu wa kweli anakuja ameshapita kwa mwenyekiti au mtendaji, ana kitambulisho na barua ya utambulisho, nyingi zinaanzia mkoani zinashuka wilayani mpaka mtaa. Piga simu kwa mwenyekiti uhakikishe, hakuna mdadisi mzuri atakayekasirika. Namba ya simu mwishoni wanaomba, mara nyingi msimamizi anakuja kupiga kuhakikisha kweli ulihojiwa, hiyo ni kawaida. Ila namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), namba ya kadi ya mpiga kura, PIN ya M-Pesa, salio la benki, hapo simama mtoe nje. Anayesema umechaguliwa tuma elfu tano ya usajili ni tapeli. Tangu 2022 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi na tume yake ipo, kwahiyo kuuliza taarifa zangu zitakaa wapi na nani ataziona sio ujeuri.

Malipo usiyategemee, labda sabuni au vocha kidogo kama ni wa simu. Sauti za Wananchi, utafiti wa kupigiwa simu wa shirika la Twaweza, ilipoanza, kaya zilipewa simu na chaja ya sola ili waendelee kupigiwa, hiyo ilikuwa nyenzo ya kazi. Na kama mmeingia kwenye utafiti wa hivo wa kupigiwa kila baada ya muda, jamani pokeeni, msimpe mtoto simu awajibie.

Kitu kingine waulizeni matokeo yatatoka lini na wapi. Mi yale ya mara ya kwanza sikuuliza nikayakosa, ya pili wifi aliuliza.

Basi yule jirani nikamsindikiza mpaka mlangoni kwake, nikaondoka na watoto wake watatu nikawapikia chai kwangu. Baada ya saa moja hivi akaja kuwachukua. Kaniambia walimuuliza matatizo makubwa ya nchi akataja maji, bei ya dawa na ajira za vijana. Nikamuuliza lile la chakula je, umejibuje? Akavua kandambili akakaa, akasema, "Nimemwambia mara nyingi."